Paka Mzee Katoka Kulazwa na Hataki Kula: Mwongozo wa Kumrudisha Kwenye Sahani

Swali ni lile lile, majina ya magonjwa tu ndiyo hubadilika. Paka ana miaka 12, 14 au 16. Kalazwa kwa ajili ya figo, au kongosho, au kang'olewa meno. Dripu imeisha, daktari kasema mpeleke nyumbani. Mmefika, kaingia chini ya kitanda, na chakula hagusi. Umempa kuku, hataki. Umempa samaki, hataki. Jirani kakwambia mwache, njaa ikimkaba atakula mwenyewe.

Kwa paka mgonjwa, ushauri huo wa jirani unaua. Paka asipokula, mwili wake hukusanya mafuta na kuyapeleka kwenye ini, na ini la paka halimudu mzigo huo. Linajaa mafuta, linaanza kushindwa kazi, na ini likishindwa, hamu ya kula ndiyo inapotea zaidi. Paka wanene huingia kwenye mtego huu upesi kuliko wembamba, ingawa kwa macho unaona wana akiba ya kutosha. Kwa hiyo shika mipaka miwili: saa 24 bila kula chochote, mpigie daktari, siku mbili, mrudishe kliniki. Hesabu isianzie mlipofika nyumbani. Ianzie mlo wake wa mwisho wa kweli, hata kama ulikuwa kabla hajalazwa. Kulamba mchuzi mara mbili si mlo.

Jambo la pili la kushika kabla hujaanza: paka huyu hana kiburi na wala hachagui. Karibu kila mara kuna kichefuchefu, maumivu, pua iliyoziba au hofu. Ukianza na kubadilisha vyakula kabla hujashughulikia hayo, utamaliza pesa buchani na yeye atazidi kuvichukia vyakula ulivyomwekea.

Vitu vya kuwa navyo

Karatasi ya kuruhusiwa yenye majina ya dawa, dozi na uzito wake wa siku ya kutoka. Kama hukuuliza, piga simu uulize mambo manne: alikula mwenyewe mara ya mwisho lini, alipewa dawa ya kichefuchefu, alipewa dawa ya maumivu, na nani apigiwe usiku.

Mizani. Ya kupimia watoto wachanga ndiyo bora, au ya jikoni kama inabeba kilo za kutosha. Ile ya bafuni ya kujipima wewe ukiwa umembeba, halafu kutoa uzito wako, inasaidia kidogo tu. Mabadiliko ya gramu 100 haiyaoni, na kwa paka wa kilo 4, gramu 200 ni nyingi.

Visosa bapa, viwili au vitatu. Bakuli lenye kina humkera paka mwenye ndevu ndefu na shingo inayouma.

Chakula cha namna tatu, kidogo kidogo: cha kopo au pakiti laini cha paka, kuku wa kuchemsha, na samaki wa kuchemsha. Usinunue katoni nzima ya kitu chochote wiki hii.

Sirinji za mililita 1 na 5 zisizo na sindano, pamba, taulo, na daftari.

Pia ujue lengo lako ni kiasi gani. Zidisha uzito wake kwa kilo mara 30, ujumlishe 70. Paka wa kilo 4 anahitaji karibu kilokalori 190 kwa siku akiwa amepumzika. Kifua cha kuku kilichochemshwa, gramu 100, kina karibu 150 hadi 165. Chakula kikavu kina karibu 350 hadi 400 kwa gramu 100, kwa hiyo gramu 50 hivi zinafikisha lengo. Kopo na pakiti zina maandishi, soma. Lakini kama amekaa siku kadhaa bila kula, usikimbilie kumjaza siku ya kwanza. Anza na robo au theluthi ya kiasi hicho, upandishe kwa siku tatu au nne. Mwili uliozoea njaa ukipokea chakula kingi kwa ghafla, potasiamu na fosforasi kwenye damu huweza kushuka vibaya, na hilo lina hatari zake.

Hatua

1. Mtengee chumba kimoja. Amerudi na harufu ya kliniki. Paka wenzake watamfokea kana kwamba ni mgeni, hata kama wamelala pamoja miaka kumi. Mpe chumba chenye boksi la kujificha, maji, na beseni la mchanga lenye ukingo mfupi, maana paka mzee viungo vinauma na kuruka ukingo ni kazi. Chakula kiwe mbali na mchanga, upande wa pili wa chumba. Mwache atulie saa moja au mbili kabla ya kumpa chochote.

2. Chunguza kichefuchefu. Hapa ndipo watu wengi wanaparuka. Wanangoja kutapika, na paka anaweza kuwa na kichefuchefu siku nzima bila kutapika hata mara moja. Tazama dalili hizi: analambalamba midomo bila kuwa amekula, anameza mate, anadondosha udenda, anakaribia sahani kwa hamu kisha anageuza uso, au anakwangua sakafu kando ya chakula kana kwamba anakifukia. Huyo wa kukaribia na kugeuka ndiye anayewachanganya wenye paka zaidi, kwa sababu anaonekana ana njaa. Njaa anayo kweli, tumbo ndilo linalokataa.

Ukiona dalili hizo, acha kupika, piga simu. Madaktari wana dawa za kichefuchefu zinazofaa paka. Maropitanti na ondansetroni ndizo zinazotumika sana, na mara nyingi baada ya dozi moja mbili paka anarudi kwenye chakula kile kile alichokuwa anakikimbia jana. Mwambie daktari ulichokiona kwa maneno hayo hayo: "analamba midomo, anageuka kwenye sahani." Hiyo inamsaidia kuliko "hataki kula" peke yake. Piga video fupi kama unaweza.

3. Chunguza maumivu na kinywa. Paka mwenye maumivu hukunja mgongo, hufinya macho, na hajilambi manyoya yake kama kawaida. Mwenye kinywa kibovu hutafuna upande mmoja, hudondosha tonge, au mdomo wake unanuka. Dawa ya maumivu itoke kwa daktari wa wanyama peke yake.

*Onyo.* Usimpe Panadol, wala dawa yoyote yenye parasetamoli, hata kipande. Kidonge kimoja cha mtu mzima kinaweza kumuua paka. Ibuprofeni na diklofenaki nazo ziache kwenye kabati, hasa kwa paka mwenye figo.

4. Safisha pua. Paka huamua kula kwa kunusa, ulimi wake hata utamu wa sukari hauusikii. Pua ikiziba, chakula kwake hakipo. Chovya pamba kwenye maji ya uvuguvugu, lainisha makamasi yaliyokauka, futa polepole. Kama anapumua kwa kukoroma, kaa naye bafuni na ndoo ya maji ya moto yenye mvuke, mlango umefungwa, dakika kumi, ndoo mbali na miguu yake. Usitie Vicks wala mafuta ya mkaratusi kwenye maji hayo.

5. Maji kabla ya nyama. Paka aliyekaukiwa hasikii hamu. Fizi zikinata kwenye kidole chako, maji hayatoshi. Weka bakuli mbili sehemu tofauti, na ujaribu supu nyepesi ya kuku isiyo na chumvi. Kama ni mgonjwa wa figo, mwombe daktari akufundishe kumpa dripu chini ya ngozi nyumbani. Ni kazi ya dakika chache na wengi huizoea upesi.

6. Andaa chakula, kiwe vuguvugu. Chemsha kuku kwa maji matupu. Hakuna chumvi, hakuna kitunguu maji, hakuna kitunguu saumu, hakuna kiungo cha pakiti. Vitunguu vya aina zote huharibu chembe nyekundu za damu za paka, vikiwa vibichi, vimepikwa au vimesagwa unga. Kwa hiyo usichote nyama kwenye sufuria ya familia ukaisuuza bombani. Kitunguu kimeshaingia ndani. Chemsha kando.

Samaki mtoe miiba yote na asiwe mbichi, kwa kuwa baadhi ya samaki wabichi huharibu vitamini B1 mwilini mwa paka. Dagaa wana harufu ambayo paka wachache huipuuza: waoshe mchanga uishe, wakaange bila mafuta hadi wakauke, wasage. Nyunyiza unga huo kidogo juu ya chakula kingine, kwa ncha za vidole. Kama walitiwa chumvi, waache. Na kwa paka wa figo wabaki kuwa chambo, wasigeuke mlo, maana mifupa yao ina fosforasi nyingi.

Saga au chambua nyama iwe laini, ongeza kijiko cha supu, kisha weka kisosa juu ya bakuli la maji ya moto mpaka chakula kifikie joto la mwili, kama nyuzi 37. Jaribu kwa kifundo cha mkono unavyojaribu uji wa mtoto. Chakula kilichotoka friji hakinuki kitu. Ukipasha kwa maikrowevu, koroga vizuri, kuna sehemu zinabaki za moto katikati.

7. Weka kidogo, ondoka, kisha ondoa. Kijiko kimoja cha chai kinatosha. Weka, kaa kimya kando au toka nje, rudi baada ya dakika 15 au 20 utoe kisosa, ameonja au hajaonja. Chakula kikikaa mbele ya paka mwenye kichefuchefu siku nzima, atajifunza kukichukia, na chuki hiyo inaweza kubaki hata akipona. Rudia mara sita hadi nane kwa siku, moja iwe usiku wa manane. Paka wengi wazee hula nyumba ikiwa imelala.

Visosa viwili kwa mara moja vinatosha. Sita vilivyopangwa mstari ni usumbufu. Yule anayemzoea zaidi ndiye ampe, si nyumba nzima kumzunguka ikimtazama. Wapo wanaokula wakishikwashikwa mgongoni au wakilishwa kidoleni. Huo si udekezaji, tumia. Unaweza kumpaka kidogo sana mdomoni ili aonje. Akikitema au akikimbia, hapo umepata jibu, usirudie.

8. Dawa usizifiche kwenye chakula. Kosa hili ni la kawaida mno. Paka mwenye afya unaweza kumdanganya na kidonge ndani ya nyama, lakini huyu akigundua uchungu mara moja, kuku amekwisha kwake. Mpe dawa kando, kwenye chumba kingine au sehemu nyingine kama inawezekana, na umfuatishie mililita chache za maji kwa sirinji ili kidonge kisikwame kooni. Kama dawa ni lazima iende na chakula, muulize daktari kama kuna ya maji, ya kupaka au ya sindano.

9. Andika. Saa, chakula gani, gramu ngapi zimeliwa (pima kisosa kabla na baada), kutapika, mkojo, choo. Mpime uzito kila siku saa ile ile. Bila daftari kila mtu nyumbani atasema "leo kala kala," na ukijumlisha unakuta ni gramu 20.

10. Ongea na daktari kuhusu dawa ya hamu. Zipo na zinafanya kazi. Mirtazapini hutolewa kwa vidonge au kwa kupaka ndani ya sikio, na kapromorelini ni ya maji. Kwa paka wa figo au ini mirtazapini hutolewa kwa kuachanisha siku, na ikizidi utamsikia analia ovyo, anazunguka, anatetemeka. Kuna pia siproheptadini, ile dawa ya maji ambayo baadhi ya wazazi huwanunulia watoto wasiokula. Usiinunue ukajipimia mwenyewe. Na usizichanganye hizo mbili: siproheptadini huzima kazi ya mirtazapini, na ndiyo madaktari huitumia mirtazapini ikimzidi paka. Dawa ya hamu isitangulie ya kichefuchefu na maumivu. Kumwongezea njaa paka ambaye tumbo linamkataa ni kumtesa.

Kuhusu kulisha kwa sirinji, na mrija

Kila mtu huuliza. Sirinji ni nzuri kwa dawa na kwa maji kidogo. Kwa mlo mzima siipendi: kilokalori 190 kwa chakula laini kilichosagwa ni sirinji nyingi mno kwa siku, paka anapigana, na kila pambano linamfundisha kukimbia akikuona na chakula. Chakula kinaweza pia kuingia kwenye mapafu. Kama daktari amekuelekeza ufanye hivyo kwa siku moja mbili, mfunge taulo, kichwa kikae sawa bila kuinuliwa juu, ingiza kutoka pembeni ya mdomo nyuma ya chonge, nusu hadi mililita moja, ngoja ameze, ndipo uongeze. Akikohoa au akipambana, simama. Paka aliyelegea au asiyemeza vizuri asilishwe hivyo kabisa.

Njia bora zaidi watu wanaiogopa kwa jina lake: mrija wa shingoni. Daktari anamlaza usingizi kwa muda mfupi, anapitisha mrija kwenye upande wa shingo hadi kwenye umio, anaufunga bandeji. Kwa macho ya mwenye paka inaonekana kama hukumu ya mwisho, na kumbe ndiyo inayowaokoa wengi. Chakula, maji na dawa vyote vinapita humo bila ugomvi, paka anaweza kula kwa mdomo huku mrija upo, na unaweza kukaa wiki au hata miezi. Siku anapokula vya kutosha mwenyewe, unatolewa, kitundu kinajiziba. Uliza mapema, siku ya pili au ya tatu, akiwa bado ana nguvu za kuhimili dawa ya usingizi. Kama kliniki yenu haifanyi, uliza kuhusu mrija mwembamba wa puani. Huo ni wa siku chache na hupitisha chakula cha majimaji tu.

Mambo yakikwama

*Analamba mchuzi, nyama anaacha.* Saga kila kitu kiwe kama uji mzito. Ikiendelea hivyo siku mbili, kinywa kinauma, kiangaliwe.

*Anataka chakula kikavu tu.* Mpe. Wiki hii kalori ndizo zinazohesabika. Jaribu kukilowesha kwa maji ya vuguvugu, akikataa mwachie kikavu na uweke maji karibu.

*Anataka maziwa.* Paka wengi wakubwa huharisha kwa maziwa ya ng'ombe, na kuharisha kunamkausha. Achana nayo.

*Amekula, akatapika.* Mpumzishe saa mbili, rudi na nusu ya kiasi. Akitapika tena na tena siku hiyo, piga simu.

*Hajapata choo siku tatu.* Choo kigumu hukata hamu. Usimmiminie mafuta mdomoni, yanaweza kuingia mapafuni, wala usimpe dawa ya choo ya binadamu. Mpeleke.

*Ana kisukari na hajala.* Usimchome dozi yake ya kawaida ya insulini kabla hujaongea na daktari.

*Alikula vizuri siku mbili, kaacha ghafla.* Angalia ni dawa gani iliisha. Mara nyingi ya kichefuchefu au ya maumivu ilitolewa ya siku chache, ikaisha Ijumaa, na Jumamosi sahani ikabaki kama ilivyo.

*Fizi au weupe wa macho umekuwa njano, shingo inalegea kichwa kinaning'inia, anahema kwa mdomo, hawezi kusimama, hajakojoa kutwa.* Leo hii, si kesho. Usimpikie kitu, mpeleke.

*Anakula kuku tu na sasa ni wiki mbili.* Amevuka, lakini kuku mtupu hana taurini (kirutubisho cha nyama ambacho paka hawezi kukikosa) ya kutosha wala kalsiamu, na kuchemsha kunaitoa taurini kwenye nyama ikabaki kwenye maji. Mmwagie supu hiyo juu ya nyama, kisha anza kuchanganya chakula kamili cha paka kidogo kidogo. Chakula cha mbwa hakifai kuziba pengo hilo.

*Daktari kaagiza chakula cha figo, hataki hata kukinusa.* Kiweke kabatini kwanza. Kikianza kutolewa paka akiwa bado na kichefuchefu, atakihusisha na ugonjwa na hatakigusa tena, na hicho ndicho atakachokihitaji kwa miaka iliyobaki. Ngoja ale lengo lake lote nyumbani kwa siku kadhaa, uzito usimame, ndipo uanze na kijiko kimoja ndani ya chakula anachokipenda, ukiongeza kwa wiki tatu, nne, hata zaidi. Siku akikataa, rudi hatua moja nyuma.